Anayejua Kuogelea

"Mwambie mtoto wako chakula kiko mezani," Emerance alimwambia mumewe, na mtoto mwenyewe amesimama pale pale mlangoni, nywele zimelowa, anachuruzisha maji kwenye zulia.

Fiacre alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, kisha akautazama ugali kama mtu anayeomba ushauri. "Ikirezi, mama yako anasema chakula kiko mezani."

"I heard her, Baba."

"Amesikia," Fiacre akalipeleka jibu upande wa pili wa meza.

Ndivyo nyumba ile ya Blacktown, pembeni mwa Sydney, ilivyoendeshwa tangu Ikirezi atamke neno Hawaii. Kabla ya hapo Emerance alikuwa akivumilia. Binti alimaliza shule vizuri, sasa anasomea uuguzi, kanisani anaimba, na kama Jumamosi alitaka kwenda mtoni Parramatta kupiga kafi na wasichana wenzake kwenye mtumbwi, basi na aende, watoto wa wengine walikuwa wakifanya makubwa kuliko hayo. Mto una kingo mbili. Mtu akianguka anaona nchi kavu kulia na kushoto. Emerance hakuwahi kwenda kutazama, hakuwahi kuuliza, na binti naye hakuona sababu ya kumweleza kwamba mtoni walishatoka zamani, siku hizi wanafanya mazoezi baharini.

Kisha ikaja habari kwamba timu yao inakwenda Hawaii, kwenye mashindano ya kuvuka mlango wa bahari kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

"Kuvuka," Emerance alisema siku ile, akauweka mwiko chini. "Kuna nini hicho kisiwa cha pili?"

"Hakuna kitu, Mama. Ni mwisho tu. The finish."

"Sisi tulivuka ziwa kwa sababu nyuma kulikuwa na risasi. Wewe nyuma yako kuna nini? Mimi?"

Tangu hapo maneno ya mama na binti yakawa yanapitia kwa Fiacre, ambaye alizaliwa na kukulia kambini Tanzania, na maji pekee aliyowahi kuyavuka aliyavuka kwa ndege, amelala.

Lakini jioni hiyo Ikirezi hakukaa kula. Alisimama nyuma ya kiti chake, akakishika mgongo kwa mikono miwili, viganja vyake vimeota sugu kama vya mkulima.

"Mama," alisema, "nataka kusema na wewe. Si na Baba."

Alisema kwa Kiswahili, na Emerance aliinua kichwa kabla hajakumbuka kwamba amenuna. Mtoto huyu alielewa kila neno lililosemwa ndani ya nyumba ile, ila majibu yake yote yalitoka kwa Kiingereza, tangu siku ya kwanza ya shule. Emerance alikwisha kuzoea kumwuliza mwanawe kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine, kama mtu anayepika jikoni kwake chakula kinachoondoka kwenda kuliwa kwa jirani.

"Mimi nina miaka kumi na nane," Ikirezi aliendelea, akiyatafuta maneno moja moja. "Hapa Australia naweza kwenda bila wewe kusema kitu. Wenzangu wote wananiambia, nenda tu. Lakini sitaki kwenda hivyo. Nataka wewe useme."

"Niseme nini?"

"Useme ndiyo. Ama useme hapana. Jumamosi kuna mashindano, Botany Bay. Kuja uone. Ukiona ni mbaya, sema hapana, na mimi naacha."

"Unaacha Hawaii?"

"Naacha yote. Hata kafi narudisha."

Fiacre alikohoa. Ugali ulikuwa unapoa. Emerance alikuwa na hapana yake tayari, ameivaa kabisa imebaki kufungwa vifungo. Lakini mtoto akikuomba neno kwa lugha yako mwenyewe, huwezi kumtupia ukiwa umekaa, na mkono umejaa tonge.

"Nitakuja," alimjibu, bila kumpitishia baba yake.

*

Jumamosi walikwenda kwa gari la Chepngetich, jirani yao, nesi kutoka Kericho, aliyetoka kazini asubuhi hiyo hiyo na kukataa kulala.

"Mama Ikirezi, aki, umevaa kama unaenda harusi."

Emerance alikuwa amevaa vitenge viwili vya kijani, kimoja kimeshonwa gauni, cha pili amejifunga juu, na viatu vya kanisani. "Naenda kumwona mtoto wangu mbele ya watu. Nivae nini, yunifomu ya kufagia?"

"Na hiyo sufuria kubwa?"

"Pilau. Watakula nini wakitoka majini?"

"Si watakula sosej kwa mkate, kama Wazungu wengine wote!" Chepngetich alicheka mpaka gari likayumba. "Wewe unaenda kumkataza mtoto ama kumfanyia sherehe?"

Alfajiri, alipokuwa akichambua mchele, Emerance alijiuliza swali hilo hilo. Alikata shauri kwamba mtu anaweza kukataa na bado asiwaache watoto wa watu na njaa.

Fiacre, aliyekuwa kiti cha nyuma na sufuria mapajani, aliinama mbele. "Mama Ikirezi, kuna jambo moja kuhusu hayo mashindano. Mtoto aliniomba nikueleze, namna wanavyo..."

"Usinieleze. Nimesema nitaona mwenyewe."

"Lakini ni vizuri ujue kwamba wale..."

"Baba Ikirezi. Nina macho."

Fiacre aliegemea nyuma, akaikumbatia sufuria, na uso wake, Emerance aliuona kwenye kioo, ulikuwa wa mtu aliyepona.

Ghuba ilikuwa pana kuliko alivyotegemea. Upande wa pili ndege zilishuka moja baada ya nyingine zikielekea uwanjani, chini chini juu ya maji, na kati ya huku na kule maji yalikuwa ya buluu na yanapumua. Emerance alisimama kwenye nyasi akiwa na vijiko vya plastiki mkononi. Miaka yote aliyoishi Sydney, jiji lililozungukwa na bahari kila unapogeuka, hakuwahi kuitia hata kidole. Kanisa lilipokwenda pikniki ufukweni yeye alibaki na vyungu. Watu walisema, "Emerance anaogopa maji," na yeye aliwaacha waseme.

Hakuwa anayaogopa. Kila treni ilipopita juu ya daraja alisogea dirishani. Harufu ya maji ilimjia hata jikoni, hata kwenye korido za jengo la wazee alilokuwa akisafisha, ghafla, bila sababu. Na alipofunga macho hakuona bahari hii. Aliona ziwa lao, Tanganyika, kule kwao Rumonge, Burundi, asubuhi, kabla hakujatokea mtu.

"Excuse me, darling." Mwanamke mmoja mwenye kofia pana alimgusa bega. "Sabuni imeisha kwenye choo cha wanawake."

"Sorry," Emerance alisema, na alikuwa ameshatembea nusu ya njia kwenda kutafuta kabati la sabuni, vijiko bado mkononi, ndipo akakumbuka kwamba leo hafanyi kazi, na kwamba hapa hakuna aliyemwajiri. Alisimama. Chepngetich alikuwa ameona yote.

"Ungemwambia wewe ni mama ya mchezaji!"

"Ningemwambia," Emerance alisema, masikio yanamwaka. "Lakini miguu ilinitangulia."

*

Mitumbwi ilikuwa imelazwa mchangani, mirefu, myembamba, namna ya Wahawaii wa zamani, kila mmoja na mkono mmoja tu upande wa kushoto: gogo jepesi la kuelea, limefungwa kwa miti miwili iliyopinda. Ilionekana kama watu wanaotembea wakiegemea fimbo. Wa akina Ikirezi ulikuwa wa rangi ya machungwa.

Emerance alikuwa anatafuta pa kutua sufuria, akainua mguu kuuvuka mkia wa mtumbwi ule, mara mtu akapaza sauti, "Eh! Zunguka, Mama, zunguka!"

Alikuwa mwanamke mnene, wa makamo, taji la majani kichwani, nyayo pekupeku pana kama mabeleshi. Ikirezi alikuja mbio, uso umemwiva kwa aibu. "Mama, huyu ni Aunty Kehau, kocha wetu. Anatoka Hawaii. Huwezi kuruka mtumbwi, ni... ni kama mtu."

Emerance alirudisha mguu haraka. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwao pia huruki miguu ya aliyeketi. Alizunguka, na alipokuwa akizunguka aliugusa ubavu wa mtumbwi kwa kiganja, kuomba radhi. Aunty Kehau alimwona, akafunua mfuniko wa sufuria, akanusa.

"Hii ni ya washindi au ya kila mtu?"

Ikirezi akatafsiri. "Ya kila mtu," Emerance alisema. "Hata walioshindwa wana matumbo."

Kocha alicheka kwa sauti ya mwanamume. Kisha wote, wanawake tisa na kocha wao, waliweka mikono juu ya mtumbwi, na Aunty Kehau akasali kwa lugha ya kwao, sala ndefu yenye kupanda na kushuka. Emerance hakuelewa neno, akafumba macho. Alipoyafumbua aliona binti yake ameinamisha kichwa katikati ya wasichana wa Kitonga na wa Kimaori, watu wa visiwani, na Wazungu wawili, na hakuna hata mmoja aliyefanana na mwenziwe, na wote walifanana. Wivu ulimchoma, mdogo, safi. Hata yeye angependa kuweka mkono pale.

"Sasa, Mama," Ikirezi alisema wakiachana. Alirudi kwenye Kiingereza bila kujua. "You'll watch properly? Baba alikwambia?"

"Nitatazama," Emerance alisema. "Nenda."

*

Walisimama mwisho wa gati la mbao, ambapo mitumbwi ingepita karibu. Njia ya mashindano ilikuwa ndefu, kuzunguka maboya ya mbali na kurudi. Mitumbwi ilipoanza kurudi ilikuwa midogo kama wadudu, kisha ikawa na makafi, kisha ikawa na watu.

Kwanza Emerance aliisikia sauti. Ndani ya kila mtumbwi mtu mmoja huita, na akiita, wote sita hubadili makafi kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule kwa pamoja, kama ukurasa unaofunuliwa. Na mwitaji wa mtumbwi wa machungwa alikuwa Ikirezi. Ile sauti iliyokuwa ikinong'ona "I'm fine" nyuma ya mlango wa chumba ilikuwa inakata maji, nzito, haina woga, na wanawake watano walikuwa wakiitii.

"Ni yeye huyo?" Chepngetich aliuliza. "Wueh! Hiyo sauti amekuwa akiificha wapi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Fiacre, akajifanya anakinga jua.

Emerance alishika ukingo wa gati. Migongo sita iliinama na kuinuka. Mtumbwi uliteleza kama unavutwa kutoka mbele. Alijikuta anahema pamoja nao, mabega yake mwenyewe yanakwenda, na ile hapana aliyokuja nayo kutoka Blacktown, imefungwa vifungo vyote, ilianza kumpwaya. Mungu wangu, aliwaza, ni mzuri. Mtoto wangu ni mzuri juu ya maji.

Kukawa na boti ya injini iliyokuwa ikiufuata mtumbwi ule. Ilipita mbele kwa kasi, ikafanya jambo ambalo Emerance hakulitilia maanani, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa mmoja tu. Na huyo mmoja, mtumbwi ulipofika karibu na gati, aliacha kupiga kafi. Alijiinua. Akatoka. Alianguka majini kwa upande wa kulia, na wenzake wawili pia, na mtumbwi haukusimama. Haukupunguza hata mwendo. Ulimwacha akawa kichwa cheusi juu ya maji, na kichwa kile kikainua mkono.

Watu gatini wakapiga makofi.

"Wamemshusha," Emerance alisema.

"Nini?"

"Wamemshusha mtoto wangu."

"Hapana, ngoja kwanza, nafikiri ni vile wana..." Chepngetich alinyoosha mkono na kushika kitenge. Kitenge kilibaki mkononi mwake. Viatu vya kanisani vilibaki juu ya mbao, kimoja kimesimama, kimoja kimelala.

Fiacre aliita jina la mkewe, si Mama Ikirezi, jina lenyewe, kwa sauti iliyomgeuza kila mtu. "Emerance! Hajui kuogelea! Mke wangu hajui kuogelea!"

Katika nchi nzima ya Australia hakukuwa na mtu aliyejua vinginevyo.

*

Maji yalikuwa na chumvi. Hilo ndilo lililomshangaza, sio baridi, sio kina. Mdomo wake ulikuwa umetarajia maji matamu ya ziwani. Mengine yote mwili ulikuwa umeyaweka: kichwa juu, mikono miwili ikifagia mbele, miguu kama ya chura, namna ya wasichana wa Rumonge. Gauni lilimvuta, naye akalivuta.

Usiku ule wa ziwani boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Walitupa mabunda, wakatupa masufuria, na bado maji yaliingia. Mwenye boti akauliza ni nani anajua kuogelea, ashuke ashikilie ubavu, watoto wadogo wabaki. Watu wazima walinyamaza. Ndipo mama yake akasema kwa Kirundi, "Huyu anajua kuogelea," na mkono uliomsukuma mgongoni Emerance aliufahamu. Alishikilia ubavu mpaka vidole vikafa ganzi. Alipoachia, boti iliendelea. Kulipopambazuka watu wengine, wasiomjua, walimvuta ndani ya mtumbwi wao. Alimkuta mama yake kambini, baadaye, upande wa pili. Mama alimshika kichwa, akamkagua masikio kama mtoto aliyetoka kucheza kwenye vumbi, na hakusema neno juu ya usiku ule, hadi alipokufa, Ikirezi akiwa bado mchanga mgongoni. Kulikuwa na swali moja. Mlinirudia? Hakuwahi kuliuliza. Ila aliamua kwamba hakuna atakayejua tena kuwa yeye ni mtu wa maji, kwa sababu anayejua kuogelea ndiye anayeshushwa.

"Mama?"

Ikirezi alikuwa mbele yake, anaelea wima, bila shida yoyote, macho yamemtoka. "Mama! Unafanya nini hapa?"

Emerance alimkamata fulana. "Nishikilie," alisema, anatema chumvi. "Nimekuja. Nishikilie, usiogope, nimekuja."

"Siogopi! Mama, siogopi, ni mchezo! Tunabadilishana! Baba hakukwambia?"

Injini ilinguruma nyuma yao, ikatulia. Boti ile iliyowatangulia ilikuwa imegeuka. Ikaokota mwanamke wa kwanza, wa pili, kisha mkono mnene wenye bangili ukashuka kutoka juu.

"Huyu ni nani tena?" Aunty Kehau aliuliza.

"My mum."

"Mama wa pilau?" Kocha aliinama, akamshika Emerance kwapani na nyuma ya gauni, akamvuta ndani ya boti kama gunia.

*

Ndani ya boti wale wanawake wawili walitazama mbele, ambako mtumbwi wao ulikuwa unazidi kwenda, na kuokota mtu wa nne kuliwachelewesha. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Basi, imeshakwenda." Emerance alielewa Kiingereza hicho vizuri. Aliketi sakafuni amefunikwa taulo la mtu, gauni la kijani limemganda mwilini, anatetemeka.

"Sisi ni tisa," Ikirezi alisema kwa Kiswahili, kwa hasira, kwa haraka. "Viti ni sita. Watatu wanashuka, watatu wanaingia upande ule mwingine. Hukuwaona walioingia?"

"Sikuwaona. Nilikuona wewe."

"Kila mtu gatini alikuona wewe, Mama."

"Na mkono? Mbona uliinua mkono?"

"Ili boti inione! Tunainua mkono ili boti itujue tuko wapi."

Emerance alilikaza taulo mabegani. "Na anayeshuka?"

"Anaokotwa."

"Na nani?"

"Na hii. Kazi ya hii boti ni hiyo tu. Anaokotwa, anapumzika, anarudi tena ndani."

"Kila mara?"

"Kila mara, Mama." Hasira ilikuwa inamwishia katikati ya maneno. Alimtazama mama yake upya, kuanzia nywele zilizoloa. "Tangu lini unajua kuogelea?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

Boti ilikuwa imeupita mtumbwi. Aunty Kehau alipunguza mwendo, akasema neno moja, na Ikirezi akasogea ukingoni na wenzake wawili. Emerance hakujua kwamba ameshika tena ile fulana. Ikirezi alivishika vidole vya mama yake, akavifungua kimoja kimoja bila kuvilazimisha, akaviweka juu ya taulo. Kisha akajiachia majini.

Safari hii Emerance aliona. Vichwa vitatu vimejipanga mstari, mikono juu. Mtumbwi unawajia moja kwa moja kana kwamba utawakanyaga. Watatu wa ndani wakajimwaga kulia. Watatu wa majini wakashika ubavu wa kushoto, wakajivuta, wakaketi, makafi yakaingia, na sauti ya Ikirezi ikaanza kuita hata kabla hajafuta maji usoni. Ulikuwa muda wa kupiga chafya.

Mtumbwi ukaenda. Vichwa vitatu vikabaki.

Emerance alisimama. Alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili na kuvitazama vile vichwa. Boti ikageuka. Iligeuka tu, kama jambo la kawaida, ikawarudia. Wa kwanza alikuwa msichana wa Kitonga, mzito, amechoka. Aunty Kehau alikuwa kwenye usukani, na kabla mtu hajamwita, Emerance alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mikono yake ya kusugua sakafu imemshika yule msichana kwapani, anavuta.

"Njoo," alikuwa anamwambia kwa Kiswahili. "Njoo, mwanangu, njoo. Tumerudi."

*

Walimaliza wa mwisho. Mtumbwi wa machungwa ulipogusa mchanga waliokuwa wakitazama walikwisha kurudi kwenye sosej zao, na mtangazaji alitoa mzaha kuhusu shabiki aliyetaka kucheza. Watu walicheka. Fiacre alimngojea mkewe akiwa na kitenge na viatu mikononi, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo stesheni.

"Mtoto aliniomba nikueleze," alisema. "Nilikuwa na wiki nzima. Niliogopa ungekataa kuja."

"Ungenieleza, nisingekuja."

"Ndiyo maana." Alimfunga kitenge kiunoni mwenyewe, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Emerance. Ulijua kuogelea na hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia."

Chepngetich alipakua pilau bila kuulizwa. Wasichana walikula wamesimama, mwanzo bila kuzungumza, kisha yule wa Kitonga akarudia sahani, akamwambia Emerance kwamba mikono yake ina nguvu. Wengine hawakusamehe siku ile. Mmoja alikula amempa mgongo.

Ikirezi alikuwa amekaa ukingoni mwa maji, peke yake, kafi magotini. Emerance alikwenda akasimama karibu naye. Wimbi lilimfikia miguu, likarudi. Hakusogea.

"Nimekuharibia," alisema.

"Kidogo." Ikirezi alichora mchangani kwa ncha ya kafi. "Wameniambia gatini ulisema nimeshushwa. Wewe nani alikushusha, Mama?"

Emerance alitazama maji. Angeweza kusema mwenye boti. Angeweza kusema vita.

"Mama yangu," alisema. "Alikuwa na wadogo zangu wawili mapajani. Mimi ndiye niliyekuwa na uwezo."

Ikirezi aliacha kuchora. Alisogeza bega lake, likaegemea mguu wa mama yake, zito, lenye maji, na likakaa hapo.

Aunty Kehau alikuja na sahani mkononi, taji la majani limemwinama upande mmoja. Alimtazama Emerance juu mpaka chini, bila ukali, bila huruma.

"Majina yanatakiwa wiki hii," alisema. "Huyu binti amenieleza mapatano yenu. Kwa hiyo niambie, Mama. Anakuja na sisi, au nitafute mwingine?"

Fiacre na Chepngetich walikuwa wamesogea. Ikirezi alikuwa ameshika kafi kwa mikono miwili, kama kitu ambacho dakika ijayo atatakiwa kukirudisha. Emerance alitafuta ile hapana, haikuwepo. Ilizama mahali fulani karibu na gati. Alitafuta ndiyo, nayo haikupanda. Kilichopanda kilikuwa kitu kingine, kutoka chini sana, na alipokisikia kinatoka, kwa Kirundi kilekile, kwa sauti ambayo haikuwa yake peke yake, aliweka mkono mgongoni mwa binti yake ili yeye mwenyewe asianguke.

"Huyu anajua kuogelea," alisema.

"Anasema nini?" kocha aliuliza.

Ikirezi alikuwa amegeuka anamtazama mama yake, na ilichukua muda. "Amesema ndiyo," alijibu.

Aunty Kehau aliitikia kwa kichwa, akaenda kuongeza pilau. Ile boti ya kuokota ilikuwa imetoka tena, tupu, kwenda kukusanya maboya ya mbali, na ilikuwa inapungua, inapungua juu ya maji. Emerance aliingia ndani zaidi, mpaka vifundo vya miguu, mpaka pindo la kitenge likalowa, akasimama hapo akiitazama. Aliitwa waende nyumbani. Alisema wamngoje kidogo, mpaka igeuke.